Mteja hajalipa ada ya kuhifadhi boti: je, haki ya kuizuilia inanipa pia haki ya kuiuza?

MlinziWaYadi ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba msaada wa mawazo juu ya jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa muda sasa. Ninaendesha yadi ndogo ya kuhifadhia boti nchi kavu. Kuna boti moja ya faiba yenye urefu wa futi 23, iliyo juu ya trela yake, ambayo imekaa kwangu miezi 19, na ada iliyolipwa ni ya miezi 8 ya mwanzo tu. Mkataba wetu ulikuwa wa ukurasa mmoja na wa muda wa mwaka mmoja. Unasema kwamba mteja atalipa ada kila mwezi na kwamba boti haitatoka katika yadi kabla ya deni kulipwa, lakini hausemi neno lolote juu ya kuuza. Mwaka ulipokwisha hatukuandikiana mkataba mpya. Boti ilibaki palepale, nami nikaendelea kuhesabu ada kwa kiwango kilekile.

Nieleze pia mambo ambayo huenda yana uzito kisheria. Katika mwezi wa 10, nikiwa tayari namdai ada ya miezi miwili, mwenye boti aliniomba aichukue kwa wiki mbili, nami nikamruhusu kwa kuwa aliahidi kulipa akiirudisha. Aliirudisha, lakini hakulipa. Baadaye turubai lake lilichanika na mvua ikaanza kuingia ndani, kwa hiyo nilinunua turubai jipya na kumwita fundi abadilishe pampu ya kutolea maji, bila ya mwenye boti kuniagiza. Mwisho, mwezi uliopita alikuja mtu mwenye karatasi zinazoonyesha kwamba boti hiyo iliwekwa rehani kwa mkopo, akanitaka nimkabidhi. Sikumkabidhi.

Mwenye boti hapokei simu tena. Ninataka kujua mambo haya: je, ninayo haki ya kuizuilia boti? Je, ninaweza kuendelea kumtoza ada kwa siku ambazo mimi mwenyewe ndiye ninayeizuilia? Na je, ninaweza kuiuza nikajilipa, au ni lazima niende mahakamani?

WakiliChelezo amejibu:

Ndugu MlinziWaYadi, hukutaja nchi uliyopo, na katika jambo hili sheria ya nchi ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Nitaeleza misingi inayofanana katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kisha nitatoa mifano michache ili uone jinsi vifungu vinavyotofautiana.

Jambo la kwanza ambalo wenye yadi wengi hulikosea ni kuchanganya haki mbili. Kuizuilia mali hadi ulipwe ni haki moja, na kuiuza mali hiyo ni haki nyingine kabisa. Katika kanuni za kale za mahakama za Uingereza, mtu mwenye haki ya kuzuilia hakuwa na uwezo wa kuuza. Alichoweza kufanya ni kukaa na kitu hadi mwenyewe aje na fedha. Uwezo wa kuuza ni lazima utoke mahali pengine, yaani katika mkataba, katika sheria iliyotungwa na bunge au katika amri ya mahakama. Mkataba wako unakupa haki ya kwanza na umenyamaza juu ya ya pili, kwa hiyo usiuze kwa kuutegemea huo.

Tena, kanuni hizo za kale hazikumpa kila mtunza mali haki ya kuzuilia. Fundi aliyekitengeneza kitu na kukiongezea thamani aliipata. Mtu aliyekitunza tu hakuipata, isipokuwa mkataba au sheria iseme hivyo. Katika kesi ya Hatton ya mwaka 1915, kampuni iliyokuwa ikitunza gari la mteja ilikosa haki ya kulizuilia kwa sababu matunzo yale yalilidumisha gari katika hali yake bila kuliboresha, na pia kwa sababu mwenye gari alikuwa na uhuru wa kulichukua na kulirudisha wakati wowote. Utaona jinsi kesi hiyo inavyoigusa yadi au gati ambako wateja huingia na kutoka na boti zao wapendavyo. Kwa bahati njema, wewe unacho kifungu kinachosema boti haitatoka kabla ya malipo, na hicho ndicho kinachokubeba.

Ila wiki zile mbili zina athari. Haki ya kuzuilia huishi katika mikono ya mwenye kushikilia, na ukiiachia mali kwa hiari, haki hiyo hufa kwa deni lililokuwapo siku hiyo. Boti iliporudi chini ya mkataba uleule, una hoja nzuri kwamba kifungu kilianza kufanya kazi upya, na kwa kuwa kinataja deni bila kulibagua, unaweza kudai kwamba kinabeba hata ile miezi miwili ya awali. Mpinzani wako atasema kinyume. Deni lenyewe halikufa kwa vyovyote; kinachobishaniwa ni kama boti ni dhamana yake. Kuanzia mwezi wa 13 kuna swali la namna hiyohiyo, kwa sababu mkataba ulikwisha. Mwenendo wenu wote wawili, yeye kuiacha boti na wewe kuendelea kuitunza na kumpelekea hesabu, unaweza kuchukuliwa kuwa mliendelea na masharti yaleyale. Natumaini hesabu hizo ulimpelekea kwa maandishi.

Kuhusu kumtoza ada kwa siku unazoizuilia, kesi maarufu ilihusu meli hasa. Fundi mmoja wa meli, Somes, aliizuilia meli katika chelezo chake, yaani mahali pa kutengenezea meli, kwa sababu ya deni la matengenezo, kisha akadai pia malipo ya chelezo kwa siku zote alizoizuilia. Mwaka 1860 Baraza la Malordi lilimkatalia, kwa hoja kwamba alikuwa akiishikilia kwa faida yake mwenyewe na si kwa faida ya mwenye meli. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliipunguza nguvu kanuni hiyo mwaka 2013, katika shauri la mzigo uliozuiliwa na mwenye meli na kuwekwa ghalani kwa gharama, lakini onyo lake bado linafaa. Wewe uko katika hali bora kuliko Somes, kwa kuwa huduma unayouza ni hifadhi yenyewe na mteja aliahidi kuilipia. Hata hivyo, mkataba uliosema waziwazi kwamba ada itaendelea kuhesabiwa hadi siku boti itakapotoka ungekuondolea shaka yote.

Sasa tuje kwenye kuuza. Uingereza ina sheria ya mwaka 1977 inayohusu kuingilia mali ya mtu mwingine, na vifungu vyake vya 12 na 13 vinampa mtunza mali njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kutoa taarifa bila kwenda mahakamani: unamtaka mwenye mali aichukue, na asipoichukua unampa taarifa ya kusudio la kuuza kwa barua ya rejista au barua yenye kumbukumbu ya kupokelewa. Pale ambapo kuna deni juu ya mali hiyo, muda wa taarifa hauwezi kupungua miezi mitatu. Mtunza mali wa aina yako hutumia njia hiyo baada ya wajibu wake wa kutunza kufikia mwisho, kwa hiyo anayekusudia kuuza anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba mkataba umekwisha au umevunjwa ipasavyo. Njia ya pili ni kuiomba mahakama itoe ruhusa ya kuuza na kuweka masharti ya mauzo.

Katika njia ile ya taarifa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Muuzaji hukata gharama za mauzo pamoja na deni lililokwisha kufika kabla ya taarifa ya kusudio la kuuza. Ada ya miezi inayofuata taarifa haimo katika makato hayo, na fedha inayobaki ni mali ya mwenye boti. Pia sheria inamhukumu muuzaji kana kwamba alitumia njia bora ya kuuza iliyopatikana, awe aliitumia au hakuitumia.

Nchi nyingine zina mipango yao. Nchini Kenya ipo Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, na matangazo chini ya kifungu chake cha 5 huonekana mara kwa mara katika Gazeti Rasmi la Serikali, yakimpa mwenye gari au mali nyingine siku 30 za kuja kulipa na kuchukua, la sivyo iuzwe. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria inampa mtunza mali haki ya kuzuilia moja kwa moja, na haki ya kuuza huja siku 60 baada ya malipo kustahili kufanywa. Sheria hiyohiyo inamtaka mtunza mali anayejua kwamba aliyemletea si mwenye mali wala hakutumwa naye ampelekee mwenye mali taarifa ya maandishi ndani ya siku 60. Asipofanya hivyo, haki yake hubaki kwa ada ya siku hizo 60 tu. Tafuta kifungu cha nchi yako na uhesabu siku zake kwa uangalifu, kwa sababu kosa la siku moja katika taarifa linaweza kuyageuza mauzo halali kuwa unyakuzi wa mali ya mtu.

Kuhusu turubai na pampu, vitenganishe na ada. Vina msingi wake mwenyewe: mtunza mali mwenye wajibu wa kuilinda mali isiharibike anaweza kudai gharama za lazima za kuilinda. Kadiri utakavyoweza kuonyesha kwa picha na stakabadhi kwamba maji yalikuwa yakiingia na kwamba ulijaribu kumpata mwenyewe, ndivyo dai lako litakavyosimama.

MamaGati amejibu:

Ndugu yangu MlinziWaYadi, mimi si mwanasheria. Nimeendesha marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti, kwa miaka mingi, nami niliwahi kuuza boti ya mteja kwa namna ambayo siipendekezi kwa yeyote, kwa hiyo nieleze ili usiipite njia ile.

Nilimtumia mteja wangu ujumbe wa simu kwamba asipolipa ndani ya wiki tatu nitaiuza boti yake. Hakujibu. Nikaiuza kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi kwangu, kwa bei iliyolingana na deni, nikaamini kwamba tumemalizana. Baada ya miezi sita mteja alirudi akiwa na wakili. Mahakama haikuuliza kama alikuwa na deni, maana hilo halikubishaniwa. Iliuliza taarifa ilipelekwa wapi na kwa njia gani, nani aliithamini boti, nani mwingine alialikwa kununua na kwa nini mnunuzi alikuwa mtu wangu. Sikuwa na jibu la maana hata kwa swali moja. Nililipa tofauti kati ya bei niliyouzia na thamani halisi ya boti, pamoja na gharama za kesi, na deni langu likamezwa humo.

Tangu siku ile ninafanya hivi. Ninaandika taarifa yenye jina la chombo, namba ya usajili, namba iliyochongwa kwenye bodi, namba ya injini, deni lililochanganuliwa mwezi kwa mwezi, tarehe ya mwisho ya kulipa, na mahali na saa ya mauzo ikiwa hatalipa. Ninaipeleka kwa barua ya rejista kwenye kila anwani ninayoijua, ikiwemo ile iliyo katika daftari la usajili wa vyombo, hata kama ninaamini mtu huyo amehama. Bahasha zinazorudi bila kupokelewa ninazihifadhi bila kuzifungua, kwa kuwa bahasha iliyorudi ni ushahidi kwamba nilijaribu. Nakala moja ninaibandika kwenye boti yenyewe na kuipiga picha.

Kabla ya mnada ninaandaa orodha ya kila kilichomo ndani mbele ya mashahidi wawili: majaketi ya kuokolea, nanga, betri, redio, vifaa vya kuvulia, hata nguo. Vitu binafsi vya mteja visivyo sehemu ya boti siviuzi bila kumwuliza wakili kama haki yangu inavifikia. Ninapata makadirio ya thamani kutoka kwa watu wawili wasiohusiana na yadi, na mnada unatangazwa hadharani na kuendeshwa na dalali mwenye leseni. Sinunui mimi, wala hanunui mtu wa nyumbani kwangu.

Na tafadhali, usiitumie boti hiyo hata kwa dakika moja, usiikodishe, wala usiing'oe injini ukaiuza peke yake. Wengi huona injini ndiyo yenye thamani wakaichomoa. Siku ukifanya hivyo, wewe si mwenye kuzuilia tena. Umegeuka kuwa mtu anayeitumia mali ya mwingine kama yake, na utaulizwa juu ya kila mkwaruzo.

MlinziWaYadi amejibu:

Nawashukuru sana, Wakili na Mama. Mmenifungua macho, hasa juu ya kutenganisha deni na dhamana. Hesabu nilimpelekea kwa maandishi hadi mwezi wa 15, baada ya hapo nilipiga simu tu, nami sasa naona kasoro yake.

Naomba niongeze swali. Mteja mwingine aliyewahi kufanya kazi Marekani ameniambia kwamba kule deni la gati linaifuata boti popote iendako, hata ikishauzwa kwa mtu mwingine, na kwamba mwenye marina hahitaji kuishikilia. Je, hilo ni kweli? Na kama ni kweli, ada ya kuhifadhi boti nchi kavu nayo inahesabiwa hivyo?

KaraniWaBandari amejibu:

Ndugu, alichokuambia mteja wako kina ukweli ndani yake, lakini kimepunguzwa mahali penye uzito. Marekani ina dai la baharini linaloshikamana na chombo chenyewe, na linatofautiana sana na haki ya kuzuilia ambayo Wakili ameieleza. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 31342 cha juzuu ya 46, inampa dai hilo mtu aliyekipa chombo mahitaji yake ya lazima kwa agizo la mwenye chombo au la mtu aliyeidhinishwa naye. Tafsiri ya mahitaji hayo inataja matengenezo, vifaa, kukokotwa, na matumizi ya chelezo au ya reli ya kupandishia vyombo, na mahakama zimeingiza humo ada ya gati. Dai hilo halihitaji mdai awe anakishikilia chombo. Chombo kinaweza kuondoka na kuuzwa kwa mtu asiyejua lolote, na dai likabaki juu yake, ingawa mdai anayekaa kimya muda mrefu anaweza kulipoteza kwa uzembe wake.

Hata hivyo, dai hilo hutekelezwa mahakamani tu. Mdai hufungua kesi dhidi ya chombo chenyewe katika mahakama ya shirikisho, ofisa wa mahakama hukikamata chombo, na mahakama huamuru mauzo. Mwenye marina anayesema ana dai la baharini kisha akaenda kuuza kwa mnada wake binafsi amechanganya njia mbili zisizochanganyika. Faida ya mauzo ya mahakama ni kwamba mnunuzi hupata chombo kisicho na madai ya zamani, jambo ambalo mnada wa yadi hauwezi kumhakikishia. Hasara yake ni gharama. Kukamata chombo, kumlipa mlinzi wakati kesi inaendelea, na kulipa wakili kunaweza kuipita thamani ya boti ndogo kama hiyo ya futi 23.

Juu ya hifadhi ya nchi kavu, hapo ndipo ugumu ulipo. Dai la baharini linahusu chombo kilicho katika shughuli za usafiri wa majini. Boti iliyopumzishwa kwa msimu wa baridi ili irudi majini baadaye ni hali moja. Chombo kilichoondolewa kabisa katika matumizi ni hali nyingine, na huduma zinazotolewa kwa chombo cha namna hiyo hazizai dai la baharini. Boti ambayo haijagusa maji kwa muda mrefu, betri imekufa na usajili umekwisha, inampa mwenye boti hoja kubwa ya kukana. Ndiyo maana majimbo mbalimbali ya huko, yakiwemo Florida na California, yametunga sheria zao zinazompa mwenye marina haki ya kuzuilia kwa ada ya hifadhi na utaratibu wa taarifa na mauzo.

Kuhusu yule mtu mwenye karatasi za rehani: kwa sheria hiyo ya shirikisho, rehani ya chombo iliyosajiliwa kwa utaratibu maalumu hutangulia madai ya mahitaji yaliyozaliwa baada ya rehani kusajiliwa. Mahitaji yaliyotolewa kabla ya usajili huo hutangulia rehani. Kwa hiyo swali la kwanza ni la tarehe: rehani ilisajiliwa lini, na boti iliingia kwako lini?

MwenyeMashua amejibu:

Naomba nizungumze kwa niaba ya upande ambao haujasikika. Mimi ni mwenye boti, na boti yangu iliuzwa nilipokuwa nimelazwa hospitali kwa miezi kadhaa, katika mji mwingine, bila simu yangu. Taarifa zilipelekwa kwenye anwani ya nyumba niliyokuwa nimekwisha kuhama, ingawa katika fomu ya yadi hiyo nilikuwa nimeandika jina na simu ya mdogo wangu wa kupigiwa wakati wa dharura. Hakupigiwa. Deni nilikuwa nalo, sikatai, na mdogo wangu angelilipa siku ileile. Ndugu MlinziWaYadi, kabla ya kutuma taarifa yoyote, fungua fomu yako ya kwanza uangalie kama kuna jina la pili, na umtafute mtu huyo. Ukimya wa mtu si lazima uwe dharau.

KaraniWaBandari amejibu:

Ndugu MwenyeMashua, pole sana kwa yaliyokupata. Sheria nyingine zimezingatia hali ya mtu asiyeweza kujibu. Kule Marekani, mwenye dhamana ya ada ya hifadhi juu ya mali ya mwanajeshi aliye kazini haruhusiwi kuitekeleza bila amri ya mahakama, katika muda wote wa utumishi na siku 90 baada yake, hata kama sheria ya jimbo inaruhusu mnada wa yadi. Vilevile mdaiwa akiwasilisha maombi ya kufilisika, utekelezaji husimama mara moja hadi mahakama iruhusu. Mwenye yadi huko huangalia mambo hayo mawili kabla ya kutangaza mnada, na nchi nyingine nyingi zina kinga ya mufilisi inayofanana na hiyo.

WakiliChelezo amejibu:

Nimerudi kwa ajili ya mambo mawili yaliyosalia, la mwenye rehani na la mkataba.

Ndugu MlinziWaYadi, ulifanya vyema kutomkabidhi boti yule mtu, na ungefanya vibaya pia kumfukuza bila kumsikiliza. Ukimkabidhi asiye na haki, mwenye boti atakudai wewe thamani yake. Ukimnyima mwenye haki bila sababu ya kisheria, yeye ndiye atakayekudai. Mwandikie barua kwamba umepokea dai lake, unaomba nakala ya mkataba wa rehani na ushahidi wa usajili, na kwamba boti inazuiliwa kwa deni la hifadhi la kiasi hiki. Mara nyingi mkopeshaji hulipa ada ya yadi mwenyewe ili achukue dhamana yake, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ulizosoma hapa. Akibishana na mwenye boti juu ya nani aichukue, unaweza kuiomba mahakama iamue kati yao, nawe ukabaki mtunzaji tu. Kumbuka pia kwamba chini ya ile sheria ya Uingereza niliyoitaja, mauzo humpa mnunuzi haki dhidi ya yule aliyeleta mali; ikiwa aliyeleta hakuwa mwenye mali, mwenye mali wa kweli hafungwi na mauzo hayo. Ndiyo sababu upekuzi katika daftari la usajili na la rehani ni wa lazima kabla ya taarifa, na mwenye rehani apelekewe taarifa kama mwenye boti.

Fikiria pia kama boti hiyo inastahili kuuzwa. Boti ya faiba iliyokaa mvuani inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko gharama za dalali na matangazo. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya mteja mwenyewe, katika mahakama ya madai madogo pale ilipo, inaweza kukupa hukumu juu ya mali zake nyingine, na haikulazimishi kuachia boti wakati kesi inaendelea.

Kwa wateja wapya, ningeandika kifungu cha namna hii, kisha wakili wa kwenu akirekebishe: "Mwenye boti anampa mwenye yadi haki ya kuzuilia boti, injini, trela na vifaa vyake kwa ada zote za hifadhi na gharama za lazima za kuilinda, zikiwemo ada za muda baada ya mkataba kuisha, hadi siku boti itakapoondolewa. Boti ikitolewa kwa muda kwa ruhusa ya mwenye yadi, haki hii itaendelea itakaporudi, pamoja na deni la awali. Deni likipita siku 90 bila kulipwa, mwenye yadi anaweza kuuza kwa mnada wa hadhara baada ya taarifa ya maandishi kwa mwenye boti, kwa mtu wa pili aliyetajwa katika fomu na kwa kila mwenye rehani anayejulikana, na fedha itakayozidi atarudishiwa mwenye boti." Mteja asaini chini ya kifungu hicho peke yake, mbali na saini ya mwisho wa mkataba, kwa kuwa mahakama huuliza kama alionyeshwa. Pale ambapo sheria imeweka muda wa taarifa mrefu zaidi, ufuateni huo, kwa sababu mara nyingi mkataba hauruhusiwi kuupunguza.

MlinziWaYadi amejibu:

Nimefungua fomu ya kwanza kama alivyonishauri Ndugu MwenyeMashua, na kweli kuna jina la pili, dada yake mteja. Nimempigia jana. Anasema kaka yake yuko safarini kikazi na atamfikishia habari, nami nimemwomba anwani ya sasa kwa maandishi. Hesabu nimeigawa katika mafungu: miezi miwili ya kabla ya boti kutoka, miezi ya ndani ya mkataba baada ya kurudi, miezi ya baada ya mkataba, kisha turubai na pampu peke yake pamoja na stakabadhi. Barua ya mwenye rehani itaondoka kesho.

Nimegundua jambo moja zaidi nilipokuwa nikiandika namba. Trela ina usajili wake, na jina lililo katika kadi yake si la mteja wangu. Je, taarifa moja inatosha kwa vyote viwili?

MamaGati amejibu:

Haitoshi, ndugu yangu. Trela ni mali nyingine, na mwenye jina hilo huenda aliiazima tu. Mwandikie taarifa yake peke yake, umweleze kwamba trela yake imebeba boti yenye deni, na umwulize kwa maandishi kama aliidhinisha ikae kwako. Mpaka umpate, usiihesabu trela katika thamani ya kile unachokizuilia, na mnada ukifika, andaa stendi za kuishushia boti ili iuzwe bila ya trela.